Kabla Hujafuta Bakshishi Melini

Ulaya kukishaanza baridi, baadhi ya meli za kitalii huhamia Ghuba, na simu yangu huanza kuita. Wengi wanaopiga ni watu wa hapa Malindi wenye watoto wanaofanya kazi Dubai au Abu Dhabi. Mtoto amejinyima, kawakatia wazazi safari ya wiki moja: wapandie Dubai, wapite Abu Dhabi, kisiwa cha Sir Bani Yas, Doha au Bahrain, kisha warudi. Chakula kimo kwenye tiketi. Halafu kwenye hesabu wanaona mstari wa ada ya huduma, yaani bakshishi ya wahudumu, kila mtu, kila siku. Safari hii aliyenipigia ni mama mdogo, wa Kisumu Ndogo. "Mwanangu, si chakula washalipia? Sasa dola hizi tena za nini? Na nimeambiwa zaweza kufutwa."

Zaweza, kwenye meli nyingi. Unakwenda kwenye dawati la wageni, unasema hutaki, wanaiondoa kwenye akaunti yako. Nilimwomba mama mdogo asifanye hivyo kabla sijamweleza pesa ile inaingia mfuko wa nani, na kwa kuwa maelezo yalikuwa marefu, nayaandika hapa na wengine wapate.

Mimi nilikuwa mhudumu wa meza melini. Kwanza msaidizi, baadaye nikapewa meza zangu mwenyewe. Kilichonipa kazi ni Kitaliano, nilichokiokota kwenye hoteli za barabara ya Casuarina kama vijana wengi wa Malindi. Waitaliano tumekuwa nao tangu siku za mtambo wa kurushia setilaiti pale Ngomeni miaka ya 1960, na mpaka leo kuna wauza samaki sokoni wanaopatana bei kwa Kitaliano bila kusitasita. Kwenye meli yenye abiria kutoka Genova na Napoli, lugha hiyo ilikuwa mali.

Ukumbi mkubwa wa kulia una utaratibu wake. Kwenye meli nyingi chakula cha usiku kina zamu mbili, ya kwanza kama saa kumi na mbili jioni, ya pili kama saa mbili na nusu usiku. Unapewa meza, na meza hiyo ni yako safari nzima, na wahudumu wake ni wale wale wawili, mhudumu na msaidizi wake. Wawili hao wana watu ishirini na zaidi katika zamu moja. Siku ya pili wanakujua jina. Siku ya tatu wanajua kwamba hupendi barafu kwenye maji na kwamba mzee wako anataka ndimu kwa kila kitu. Hilo halitokei lenyewe. Tulikuwa tukiandika kwenye kijidaftari na kukipitia kabla milango haijafunguliwa.

Usichokiona ni safari ya sahani. Jikoni kwetu kulikuwa sakafu ya chini, na njia ya kwenda ni moja na ya kurudi ni nyingine, ili watu wasigongane. Unasimama kwenye foleni mbele ya wapishi, unataja chakula chako, kila sahani inafunikwa kifuniko, unazipanga tatu tatu, nne nne, mpaka sinia inabeba sahani kumi na mbili za moto. Unachuchumaa, unaiingiza begani, unainuka kwa magoti wala si kwa mgongo. Halafu unapanda ngazi ya umeme na meli inayumba. Bahari ikichafuka tulikuwa tukilowesha vitambaa vya meza kwa maji kidogo, sahani na glasi zisiteleze, na sinia nayo tunaitandikia kitambaa kibichi. Abiria wengi hudhani kitambaa kimemwagikiwa na maji, wanaomba kibadilishwe. Tunabadilisha, kisha tunakilowesha tena kwa adabu.

Na ukumbi ule si kazi yote ya siku. Asubuhi mhudumu yule yule yuko kwenye bafe anamimina kahawa, mchana yuko tena, jioni anavaa shati jingine anakuja mezani kwako anatabasamu. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Mapumziko hayo yanaweza kukatwa vipande viwili, kimoja kisipungue saa 6. Piga hesabu mwenyewe zinazobaki. Siku nzima ya kupumzika haipo. Ijumaa ni kama Jumatatu. Kandarasi nyingi za wahudumu ni miezi sita mpaka tisa mfululizo. Unalala chumba cha watu wawili kisicho na dirisha, chini kabisa, na kitanda cha juu hukipandi bila kumkanyaga mwenzako.

Sasa pesa. Mshahara wa msingi wa mhudumu kwenye meli nyingi ni mdogo, na kinachoujaza ni hilo fungu la bakshishi. Kwenye meli za soko la Marekani ada hiyo siku hizi ni kama dola 16 mpaka 20 kwa mtu kwa siku, na vyumba vikubwa vya kifahari hulipa zaidi. Familia ya watu wanne, siku saba, kwa dola 16, ni dola 448. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo inakaribia shilingi 58,000. Si pesa kidogo, na ndiyo maana nataka mtu aijue mapema, akiwa bado nyumbani, badala ya kuiona usiku wa mwisho akapandwa na hasira.

Fungu hilo linagawanywa. Lina sehemu ya mhudumu wako na msaidizi wake, sehemu ya anayetandika chumba chako, na kwenye meli nyingi sehemu ya watu ambao hutawaona kamwe. Wako wanaofua mashuka, wanaoosha vyombo, wanaosafisha bafe saa nane za usiku. Abiria akiifuta ada, mara nyingi kampuni haiongezi kitu kuziba pengo. Fungu linapungua, na kila mmoja katika hao anapungukiwa.

Nililiona hili likitokea mezani kwangu. Kulikuwa na familia iliyokasirika kwa sababu nyama ilikuja imeiva kuliko walivyoagiza, ikarudishwa, ikachelewa. Haki yao kabisa kulalamika. Mkuu wa ukumbi aliwaomba radhi, wakaletewa nyingine. Lakini kesho yake asubuhi walikwenda dawatini wakafuta ada ya watu sita kwa safari nzima. Jioni walinieleza wenyewe, kwa upole, wakanipa noti mkononi: "Hii yako wewe, wale wa jikoni hawastahili." Aliyeichoma ile nyama alikuwa mpishi, na mpishi yule hakuwa na fungu kwenye ada ile. Waliopunguziwa ni pamoja na kijana wa kufua, aliyekuwa akiniazima pasi. Mimi nilipata noti, yeye hakupata kitu, na hata leo nikikumbuka roho inaniuma.

Fikra yangu naisema wazi. Mshahara wa mtu ungekuwa ndani ya bei ya tiketi. Inawezekana: P&O ya Uingereza iliondoa ada ya bakshishi ya kila siku mwaka 2019, na kampuni nyingine za Waingereza huuza safari bakshishi ikiwa imeshaingizwa kwenye bei. Tiketi inaonekana ghali zaidi, ni kweli, lakini mama mdogo hapigiwi hesabu ya pili, na mhudumu halali akiwaza kama meza namba fulani imekwenda dawatini. Hadi kampuni zote zifanye hivyo, anayeifuta ada kwa kuikasirikia kampuni anamwadhibu mtu mwingine. Kama unataka kuikasirikia kampuni, iandikie kampuni.

Vinywaji navyo vina mambo yake. Kwenye meli nyingi kila kinywaji cha kulipia huongezwa asilimia 18 ya huduma papo hapo, wengine 20. Juisi ya dola 6 inakuwa dola 7 na senti 8. Hata sisi tusiokunywa pombe tunaguswa, kwa sababu soda, juisi ya kukamuliwa na kahawa za mashine mara nyingi hulipiwa, na kwenye meli zenye desturi za Kiitaliano maji ya chupa mezani nayo hulipiwa. Kwenye risiti kuna nafasi tupu imeachwa ya bakshishi ya ziada. Ile asilimia imeshakatwa juu yake, kwa hiyo mstari ule uuache mtupu bila haya yoyote. Migahawa ya pembeni, ya nyama au ya Kijapani, ni malipo mengine; kwa maoni yangu mtu wa safari ya kwanza haihitaji, ukumbi mkubwa unatosha na kusaza.

Mama mdogo hofu yake kubwa zaidi ilikuwa nguruwe. Nguruwe yumo melini, hasa asubuhi kwenye bafe, na mara nyingine vijiko vya kupakulia huhamishwa na watoto kutoka trei moja hadi nyingine. Mimi ningekuwa na mzazi wangu ningemkalisha ukumbini, aagize na kuletewa. Wakati wa kukata tiketi andikeni kwamba mnataka chakula halali, na siku ya kwanza mwiteni mkuu wa ukumbi mumwambie tena kwa mdomo. Kwa wenye masharti ya chakula tulikuwa tukiwaletea menyu ya kesho usiku wa leo, wachague, jikoni ijiandae. Ulizeni divai kwenye mchuzi, ulizeni jelatini kwenye vitamutamu. Hakuna mhudumu anayechukia kuulizwa; anachochukia ni kujua baadaye kwamba mzee alilala na njaa kwa kuona haya. Samaki wapo kila usiku, ingawa asitarajie samaki wa kupaka. Sisi wenyewe kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi tulikuwa na wali mwingi, wa kupikiwa Wafilipino na Wahindi, ila nazi hakuna, na Mkenya aliyerudi likizo alitarajiwa aje na pilipili ya unga ya kutosha meza nzima.

Kuna jambo moja lisilogharimu hata senti. Safari ikiisha meli hutuma fomu ya maoni. Andika jina la aliyekuhudumia, kama lilivyo kwenye beji yake, na useme alifanya nini hasa. Majina hayo yanasomwa. Mtu hupandishwa cheo kwa sababu yake, na kandarasi inayofuata huangaliwa kwa alama hizo. Palikuwa na mama mmoja wa Bergamo aliyekuwa amewahi kukaa Mayungu, jirani na Malindi. Alipojua natoka Malindi alinisalimu "hujambo" kila usiku, akaniuliza kama mto Sabaki bado huyafanya maji ya bahari kuwa mekundu mvua ikinyesha bara. Hakuniachia pesa nyingi. Aliandika ukurasa mzima, na kwa ukurasa ule nilitoka kwenye usaidizi nikapewa meza.

Ukitaka kutoa cha ziada, toa, na mpe mtu mkononi. Mtandika chumba mpe mapema, siku ya kwanza au ya pili, hasa kama mna mzee anayehitaji mto wa ziada au maji ya moto usiku. Wa mezani zamani walikuwa wakipewa bahasha usiku wa mwisho, na meli nyingine bado zina desturi hiyo. Nimeona viti vikibaki vitupu usiku ule, watu wamekwenda kula bafe kwa kukwepa bahasha. Haifai. Njoo ule, sema asante, kama huna cha kutoa huna, sisi tulikuwa tumeshazoea sura zenu na tulitaka kuagana.

Kijana anayesoma hili kwa sababu anaitafuta kazi yenyewe, aelewe kitu kimoja: mkataba ule ule wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia pesa ili ampe kazi. Utalipia pasipoti yako, cheti cha daktari na kitabu chako cha ubaharia. Anayekuomba shilingi laki moja "ya kushikilia nafasi" pale Lamu Road, mwondokee.

Na mama mdogo, hili ndilo nililokuwa nikitaka kukwambia ile simu ilipokatika: mwambie mwanao Salma ailipe ada sasa hivi, pamoja na tiketi, kama kampuni yao inaruhusu. Kisha mkiwa melini muangalie akaunti yenu kila baada ya siku mbili, kwenye televisheni ya chumbani au dawatini. Kama mmekatwa mara mbili, au kuna juisi ambayo hamkuinywa, nendeni mchana, siku moja kabla ya kushuka. Usiku wa mwisho foleni pale dawatini ni ndefu, na miguu yako haiwezi.