Nimenunua mashine tano za wenzangu, nawaambia nilichojifunza

Miaka mitatu nlikua na ATM moja tu ya mafuta ya kupikia hapa Mtopanga, Mombasa, mtu anakuja na chupa yake anataka ya shilingi thelathini, anawekewa ya thelathini, basi. Sai ninazo sita, na tano sikuzianzisha mimi, nimezinunua zikiwa zishasimama kwa watu waliochoka, mmoja alikua anaenda Saudia kikazi, mwengine mtaji ushamuishia hajazi tangi, mashine nzima lakini kila ukienda mafuta hakuna.

Watu huniuliza si ununue mpya tu. Mpya ni chuma. Pale mashine ilipokaa miaka, mama wa viazi karai kila asubuhi anatuma mtoto na dumu la lita tano, huyo mama huwezi kumuagiza dukani, ndo kilemba chenyewe, ile pesa ya juu ya bei ya mashine unayomlipa mwenzio kwa wateja na mahali.

Na nanunua huku huku upande wa Kisauni, Bombolulu mpaka Kiembeni, manake tuktuk moja inazijaza zote asubuhi moja na fundi ni yule yule. Nishaletewa moja ya Likoni kwa bei ya kutupa nikakataa, kuvusha mapipa ya mafuta feri kila wiki utabaki na nini?

Ile ya Kisauni ndo iliniuma. Jamaa alinionyesha statement ya till, ile namba wateja wanalipia kwa simu, ya miezi miwili, mauzo yamejaa, nikalipa zote siku hio hio, sikuangalia tarehe. Kumbe ni Shaabani na Ramadhani, kila nyumba inakaanga, sambusa, bajia, kaimati. Idd ikapita mauzo yakashuka hata nusu hayafiki. Halafu mwenye nyumba akaja akaniambia yeye aliagana na yule wa kwanza, mimi hanijui, nimpe na yeye kilemba changu upya ndo nikae pale. Nikatoa, wallahi iliniuma sana.

Sasa nataka statement ya mwaka mzima, na naenda kukaa hapo siku tatu nahesabu chupa mwenyewe. Pesa natoa nusu, ilobaki baada ya miezi mitatu, na tunaandikiana mwenye nyumba akiwepo, na muuzaji asinifungulie nyengine mtaa ule ule.

Kisha kipimo. Nabeba jagi lenye mistari, nabonyeza hamsini mara tatu. Kuna moja ya Bamburi ilinipa vipimo vitatu tofauti, pampu imechoka, na wateja walishajua kitambo, yani kuna mama mmoja nilimuona ameikwaruza chupa yake kwa msumari pale mafuta ya hamsini yanapofaa kufika, akishawekewa anainyanyua juani anaangalia. Hakusema kitu, akaondoka, na kesho yake hakuja. Nikaona hapa sinunui mashine, nanunua hasira za watu. Nikaichukua lakini bei ikashuka, nikabadilisha pampu, nikaita watu wa vipimo wakaipima wakaipiga muhuri, ndo nikaanza kuuza. Yule mama alirudi kama wiki ya tatu, na chupa yake ile ile yenye mkwaruzo, mafuta yakapita mstari kidogo, akaniangalia, akasema "haya mwanangu, kesho namtuma mtoto na dumu."

Kuna ya Mshomoroni nimeambiwa inauzwa. Jumatatu naenda kuikalia, jagi nishaliosha.