Binti yangu alivyoingia Chuo Kikuu cha Rice akitokea shule ya serikali hapa Houston

Naandika hii kwa wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa wale mnaoambiwa na ndugu kila siku kwamba mtoto asiposoma private vyuo vikubwa asahau. Mimi wifi yangu alikuwa ananipigia toka Dar, "wifi huyo mtoto ana akili, mtafutie private", na namuelewa maana nyumbani tumezoea hivo, lakini private za maana hapa Houston ada inapita dola 30,000 kwa mwaka na mimi nahudumia wazee, shifti za usiku, hiyo hela naitoa wapi.

Na sitawadanganya, private wana faida kweli. Mwaka 2023 mchumi wa Harvard, Raj Chetty, na wenzake walitoa utafiti unaoonyesha kwamba mtoto wa ile asilimia 1 ya matajiri ana nafasi zaidi ya mara 2 ya kuingia vyuo kama Harvard na Yale kumzidi mtoto wa familia ya kawaida, na hapo alama zao za SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, ziko sawa! Sababu mojawapo ni maksi ambazo vyuo vinawapa kwa mambo yasiyo ya darasani, na watoto wa private ndo wanapewa za juu. Hapo niliwaza sana. Kumbe wenzetu wanalipia pia mtu wa kumuelezea mtoto vizuri, yaani mshauri wa shule anayemwandikia mtoto barua ya kwenda chuoni. Chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja awe na wanafunzi 250, wa kwetu alizidiwa mbali, yule mama ana roho nzuri lakini atamjuaje binti yangu kwenye umati ule.

Basi ile kazi tukaifanya wenyewe. Tulikaa mezani tukaandika ukurasa mzima wa vitu anavyofanya, tukampelekea mshauri mapema ili akiandika barua yake awe na cha kuandika. Binti alikuwa anasema mama mimi sina chochote, sichezi tenisi wala sina klabu, nikamwambia wewe unapika na kulaza wadogo zako mimi nikiwa kazini, unawatafsiria majirani zetu wa Kongo wakienda hospitali, hicho si kitu? Na kweli kwenye Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, kuna sehemu ya kuandika shughuli 10, na majukumu ya familia yamo kabisa kwenye orodha yao ya kuchagua. Watoto wetu wengi wanaacha pale patupu na inaniuma sana.

Kingine, shule inatuma karatasi inayoonyesha ina masomo gani, kwa hiyo chuo kinampima mtoto kwa kile kilichokuwepo shuleni kwake. Yeye alichukua AP zote alizoweza, yaani masomo ya sekondari yenye kiwango cha chuo, na SAT akajisomea bure kwenye tovuti ya Khan Academy. Chuo chetu cha akiba, kama kwingine kungeshindikana, kilikuwa UT Austin, Chuo Kikuu cha Texas, maana sheria ya Texas ya 1997 inawapa walio kwenye asilimia 10 ya juu darasani kuingia moja kwa moja, ingawa UT wanachukua asilimia ndogo kuliko ile 10 ya sheria.

Ila kilichotufungulia mlango ni QuestBridge, hii ni programu inayowaunganisha na vyuo vinavyowafadhili watoto wanaofanya vizuri na kwao kipato ni kidogo, mara nyingi chini ya dola 65,000 kwa familia ya watu wanne. Fomu inafungwa mwishoni mwa Septemba na majibu tarehe 1 Desemba. Akapangiwa Rice, miaka minne yote imelipiwa, ada, chumba na chakula. Nililia nikiwa bado na yunifomu ya kazi.

Mwenye mtoto darasa la 11 sasa hivi, barua za walimu aombe kabla shule hazijafungwa kiangazi, ikifika Septemba walimu wana foleni ndefu, na zile fomu zenu za kodi ziwekeni karibu maana QuestBridge wanazitaka.