Ndege anaimba kabla hajala

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii natamani tukae kidogo na kitu tunachokisikia kila asubuhi halafu tunakipita tu, sauti za ndege, hasa majira haya ya kuchipua kwa walioko kwenye nchi za baridi kali, maana huko miezi mizima kunakuwa kimya halafu siku moja mtu anaamka alfajiri anakuta mti mzima unaimba.

Kinachonibariki ni kwamba ndege hawasubiri joto lije ndio waimbe. Kinachowaamsha hasa ni mchana kurefuka. Mwili wa ndege unaujua urefu wa mchana, mwanga ukiongezeka kidogo kidogo kila siku homoni zake zinabadilika na nyimbo zinaanza, wakati baridi bado ipo na miti mingi haijatoa hata jani moja. Nuru imetangulia, joto litafuata.

Na saa wanayoimba kwa nguvu zaidi ni kabla jua halijachomoza. Usiku kucha hajala, nguvu imebaki kidogo, na giza bado halimruhusu kuona mdudu wala mbegu. Mwangalie vizuri siku moja, yuko kwenye tawi tupu, manyoya kayatutumua kwa baridi, mdomo wazi, koo linatetemeka mpaka mkia nao unatikisika. Mwili wenyewe unaenea kwenye kiganja! Na Mungu kamwekea kiungo cha sauti chini kabisa ya bomba la hewa, pale linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili, kila upande unaweza kutoa sauti yake, ndo maana wapo wanaoimba noti mbili kwa mpigo.

Najua wataalamu wanasema dume anaimba kulinda eneo lake na kumwita jike, na ni kweli kabisa. Zaburi 104 inawataja ndege wakiimba kati ya matawi kando ya chemchemi, katikati ya orodha ndefu ya kazi za mikono ya Bwana, kwa hiyo mimi sioni ugomvi wowote hapo.

Sasa turudi kwetu. Maombi yetu mengi yanaanza na shida, ada, kodi ya nyumba, ugonjwa, na sio vibaya, Yesu mwenyewe katufundisha kuomba mkate wa kila siku. Lakini angalia mpangilio wa sala ile ya Mathayo 6, jina la Baba linatukuzwa kwanza, mkate unakuja baadaye, na ni sura hiyohiyo, mbele kidogo, anapotuambia tuwaangalie ndege wa angani ambao Baba anawalisha. Sifa kwanza, kifungua kinywa baadaye, na ndege wanafanya hivyo kila siku.

Na wewe uliye kwenye msiba au umechoka kiasi kwamba wimbo hautoki, tafadhali usijilazimishe. Ayubu 35 inamtaja Mungu kuwa ndiye atoaye nyimbo wakati wa usiku, kwa hiyo wimbo ni wake kutoa. Fungua dirisha, simu iache pembeni, wasikilize tu, hiyo nayo ni ibada.

Wiki hii tusome Zaburi 104 yote, ikiwezekana kwa sauti na ukiwa nje, kabla ya chai, na atakayeguswa na mstari wowote atushirikishe wiki ijayo.