Kasikiliza mara tatu, kajibu "sawa"

Jumapili iliyopita dada yangu kanipigia toka Mwanza amefura, "huyo mwanao kanichunia tena, tiki za bluu zipo tangu saa nne asubuhi!" Mwanangu anayemsema ni wa kumzaa yeye, ana miaka 16, anakaa na mi hapa Tabata toka aanze fomu wani. Na kweli ukimwangalia harakaharaka utasema simu imemmaliza. Mgeni akija anatoa shikamoo ya kuangalia chini halafu huyooo chumbani, ukimuuliza habari za shule anakwambia "poa mamdogo", imeisha hiyo.

Ila usiku nikipita mlangoni kwake nasikia mtu mwingine kabisa. Anacheza Free Fire na wenzie, anapanga kikosi, anatania, na siku moja nikamsikia anambembeleza mmoja aliyefeli moko, "mwanangu usiwaze (ndo wanavyoitana siku hizi), mi mwenyewe fizikia nimepiga F, tutaenda tuisheni wote." Nilisimama pale na ndoo ya maji mkononi kama chizi. Sasa huyu ndo hajui kuongea na watu?

Kuna mwanasaikolojia mmoja, Mary Ainsworth, hizi habari za watoto wanavyojishikiza kwa wazazi alizianza hapa hapa jirani, Uganda. Mwaka 1954 alikuwa anazunguka kwenye vijiji vya karibu na Kampala, anaingia majumbani kwa wamama 26 wa Kiganda, anakaa anaangalia tu. Baadae huko Baltimore, Marekani, akawa anamweka mtoto wa mwaka mmoja kwenye chumba chenye midoli, mama anatoka kama dakika tatu hivi halafu anarudi. Mi nilidhani alikuwa anaangalia mtoto atalia vipi mama akitoka, kumbe kubwa zaidi ilikuwa mama akirudi. Wengine wanabebwa, wananyamaza, wanarudi kwenye midoli. Wengine wanamng'ang'ania mama huku wanampiga mateke. Na wengine hata hawageuki, wanajifanya wako bize na mdoli. Hao wa mwisho ndo walinishika, maana watafiti wengine walikuja kuwapima mapigo ya moyo wakakuta kwa ndani moyo unaenda mbio vilevile.

Mi siyo mtaalamu, na mtoto wa miaka 16 siyo kichanga, watu wanabadilika sana njiani. Lakini huyu wetu alipelekwa bweni akiwa darasa la pili. Dada alikuwa na biashara ya kusafiri, baba ndo hivyo tena, tukaona bora shule. Likizo ya kwanza tulipoenda kumchukua hakumkimbilia mama yake, alisimama getini pembeni ya tranka lake kama abiria anayesubiri gari, na sisi tukafurahi eti kakua. Mwaka 2023 serikali ilipokataza bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne watu walilalamika weee, mi nikawa nawaza lile tranka tu.

Kwahiyo hii lugha ya kwamba mitandao imewaharibu watoto siku hizi naipokea nusu. Kwenye chati unaandika, unafuta, unaandika tena, hakuna anayeona uso wako ulivyokunjamana, na hilo kweli sebuleni mbele ya wajomba halipo, lazima mtoto alizoee kwa kukaa na watu. Lakini kumchunia mama hakujaanza na WhatsApp, WhatsApp imetuwekea tiki tu tukaona.

Sasa hiyo Jumapili, kabla dada hajapiga, nilikuwa jikoni nachambua mchele na mtoto kakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kanipa mgongo. Voisi ya mama yake ikaingia. Kapunguza sauti, kaweka simu sikioni, kasikiliza. Karudia. Karudia tena, safari hii kafumba macho kabisa. Halafu kaandika, kafuta, kaandika, kafuta, mwisho kaweka simu mfukoni kaenda kufua soksi. Jibu lilienda jioni: "sawa".

Nikamwambia dada, kakusikiliza mara tatu yule. Kimyaaa. Nikajua bando imekata.

"Kwani nilimwambia nini?" kaniuliza. Hakumbuki. Ilikuwa habari ya dagaa aliowatuma na basi, kwamba ule wa kwenye kifuko cheusi usio na pilipili ni wake.