Siku niliyoona mapigo yangu kwenye skrini

Nikiwa mwaka wa pili wa uhandisi tiba, nilihangaika wiki 3 na saketi ya kukuza umeme wa moyo. Umeme huo ukifika kwenye ngozi ni kama milivolti 1 tu, na nyaya za ukutani huufunika kwa mngurumo wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Skrini ilijaa fujo tupu. Mwenzangu akauliza, "Mguu wa kulia umeuunga?" Kumbe sikuwa nimeuunga! Nikabandika mguuni elektrodi ya tatu, kile kibandiko kinachounganisha ngozi na waya. Mstari ukatulia, kilele chembamba kikachomoza, kikarudi, kikarudi tena. Nikagusa shingo yangu kwa vidole viwili: mapigo ya shingoni na vilele vya skrini vilikwenda pamoja. Hesabu za Fourier, za kuligawa wimbi katika mawimbi sahili yanayoliunda, zilizoninyima usingizi muhula mzima, zilianza kuniingia siku ile. Karatasi niliyochapishia mapigo yale ninayo bado.