Konda wa kwenye hadithi asiwe malaika bana
Hadithi fupi nyingi siku hizi zinaanza eti "katika mji fulani palikuwa na binti mrembo na mpole", mi hapo nishachoka, mji gani sasa? Niweke Mbagala Rangi Tatu pale Dar asubuhi, watu wanapitia dirishani kugombea siti, konda anagonga bodi, basi nishafika. Na huyo konda usimsafishe jamani, aikalie chenji ya bibi, mia mbili, makusudi kabisa huku anaangalia pembeni, afu jioni ampelekee mama yake dawa kabla hajapeleka hesabu kwa tajiri mwenye gari. Huyo namwamini, nishapanda naye gari. Ila ile aya ya kunieleza maisha ndo yalimfanya awe vile futa tu, inaua stori nyingi sana.