Karatasi ya wasifu

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii niliombwa kuandika wasifu wa mama mmoja wa ushirika wetu aliyelala katika Bwana. Watoto wake walinipa karatasi: alizaliwa lini, alisoma hadi darasa la ngapi, aliolewa lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Usiku nikaketi nayo, nisiweze kuandika hata mstari mmoja. Nikashika simu, nikaanza kusoma wasifu wa watu mashuhuri nione wengine huandikaje.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Nikawa nahesabu miaka tu. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyempinga Hitler, alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Haukupita mwezi, vita ikaisha Ulaya. Alikuwa na miaka 39. Mimi nina 47. Nikajiuliza nimefanya nini, na wivu ukaniingia, wivu wa kumwonea marehemu! Nilitubu palepale kitandani.

Nikasoma na habari za David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watumishi wake Waafrika, Chuma, Susi na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Alizikwa London, Westminster Abbey, na Chuma na Susi walipofika Uingereza mazishi yalikuwa yameshapita. Wasifu mwingi unawataja kwa sentensi moja. Lakini bila mabega yao, ni mwili gani ungezikwa kule?

Biblia nayo ina wasifu mfupi mfupi. Mfalme Yehoramu: alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa wala hakuna aliyemsikitikia (2 Nyakati 21). Cheo anacho, miaka imeandikwa, machozi hakuna.

Sasa mtazameni Dorkasi, yule mwanamke mwamini aliyefariki, Matendo 9. Hatuambiwi umri wake, wala mume, wala watoto. Petro anapanda ghorofani, wajane wanamzunguka wakilia, na hawamsomei karatasi yoyote. Wanamwonyesha nguo. Kanzu hii alinishonea mimi. Hii yangu. Wasifu wa Dorkasi ulikuwa umevaliwa na watu!

Ndugu zangu, niseme kwa upendo lakini niseme. Tunasimama makaburini na maneno matamu juu ya watu ambao hatukuwabishia hodi mwaka mzima. Tunagombania nani asome wasifu, nani atajwe kwanza, na mjane aliyeachwa hatumjui hata jina. Wewe unayejivunia viti ulivyokalia kanisani, ni nani leo amevaa kitu ulichoshona? Nani amelala ameshiba kwa sababu yako? Shona sasa, mpendwa, wakati mkono bado unashika sindano. Na kama umri umekwenda, usikate tamaa kama nilivyotaka kukata mimi. Kanzu moja haihitaji miaka mingi.

Asubuhi nikarudi kwa wafiwa, nikamuuliza kitindamimba: mama alikuwa anamfanyia nani nini? Akanyamaza kidogo, akaingia chumbani, akatoka na miwani. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi, mizunguko mingi, na kioo cha kushoto kilikuwa na ufa pembeni. Kumbe kila Jumamosi mama alikuwa akiwazungukia wazee wasiojua kusoma, akiwasomea barua zao, karatasi zao za hospitali na Zaburi. Miaka yote hiyo tumeabudu pamoja, sikujua.

Nikaandika hilo kwanza, juu kabisa, kabla ya tarehe ya kuzaliwa.

Mmoja wa wazee hao anakaa njia ninayopita kila siku. Nimeuliza ni nani anamsomea sasa, nikaambiwa hakuna. Jumamosi nakwenda, Mungu akinijalia. Niombeeni.